Wajibu wa Mwenye Kuonya

Wahenga walisema kwamba la mgambo likilia lina jambo. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, na aghalabu huitamka bila ya kuipima. Hebu tuipime leo, msomaji mpenzi. Pembe hulia usiku. Watu hutoka majumbani mwao, mama hubeba mtoto mgongoni, mwenye duka hufunga duka lake, na mkulima huacha shamba ambalo mavuno yake yalikuwa yamebakia siku mbili tu. Hukesha mlimani kwa baridi. Kukicha, hapana adui, hapana moto, wala hapana gharika. Hurudi makwao wamechoka, na wa kwanza wao kufungua kinywa huuliza: nani aliyepiga pembe, na kwa nini ametudanganya?

Swali langu ndilo hilo: je, amewadanganya? Mtu aonyaye juu ya msiba, na msiba usifike, amesema uongo? Si swali jepesi, na jibu litolewalo hewani halina thamani. Kwa hiyo nimechagua kulijaribu juu ya kazi moja ambayo ndani yake swali hili huulizwa tena na tena, nayo ni kazi ya watu walindao milima ya moto yenye theluji.

Usistaajabu kusikia moto na theluji vikitajwa pamoja. Sisi wa Afrika ya Mashariki tuna mfano wetu. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kimevikwa barafu, na katika shimo lake liitwalo Reusch yapo matundu yatoayo mvuke na harufu ya salfa. Lakini Kibo kimetulia kwa muda mrefu mno, wala hakimkoseshi mtu usingizi. Ipo milima mingine duniani isiyotulia hivyo, na hatari yake kubwa si ule moto uonekanao katika picha. Hatari yake ni maji. Joto la ndani likizidi, theluji huyeyuka. Au ziwa lililokaa katika shimo la kilele hupasua ukingo wake. Maji hushuka yakichukua majivu, mchanga na mawe, hata yakawa tope zito mithili ya zege lisilokauka, liendalo kwa kasi ya kumshinda mtu akimbiaye. Tope hilo hufuata bonde la mto. Mtu akaaye mbali kilomita 50, asiyeuona mlima wala kuusikia, hufikiwa kitandani mwake.

Hapo ndipo wajibu ninaotaka kuuzungumza unapozaliwa. Aliye juu anaona lakini hafikiwi. Aliye chini anafikiwa lakini haoni. Kati ya wawili hawa hapana kitu ila neno la yule wa kwanza na sikio la yule wa pili.

Mlima Ruapehu uko katika kisiwa cha kaskazini cha New Zealand. Urefu wake ni mita 2,797, na kileleni, katikati ya theluji, pana ziwa lenye upana wa kama nusu kilomita, ambalo Wamaori huliita Te Wai ā-Moe. Maji yake yana ukali upitao siki, tena huwa vuguvugu, maana chini yake mna matundu yatoayo mvuke na gesi. Walinzi wa mlima huo hupima joto la ziwa. Hutazama rangi yake, kama ni ya samawati au imegeuka ya kijivu kwa matope yatifuliwayo toka chini. Huteka maji katika chupa na kuyachunguza, kwa sababu madini ya magnesiamu yakizidi katika maji hayo, yamkini maji ya moto yamekutana na mwamba mpya uliopanda karibuni kutoka kilindini. Hupima gesi itokayo. Zaidi ya hayo, ziko mashine zilizozikwa ardhini zisikiazo mtikisiko mdogo ambao mguu wa binadamu hauuhisi.

Utadhani basi kwamba mwenye vyombo vyote hivi hujua litakalotokea. La. Ziwa hupata joto na kupoa mara nyingi katika miaka, pengine likafika digrii 40 na kuzidi, kisha likashuka pasipo mlipuko wowote. Hata ubaridi haumpi mtu amani, maana huenda matundu ya chini yamezibika na mvuke unajikusanya. Mlinzi ni kama tabibu ashikaye mkono wa mgonjwa asiyesema. Anajua mshipa unapiga mbio. Kwa nini unapiga mbio, na kama mgonjwa atazidiwa usiku huu au atakula uji asubuhi, hilo ni jingine.

Mwaka 1945 Ruapehu ulilipuka, na majivu na mawe yakaacha kizuizi mahali pa kutokea maji. Ziwa likajaa nyuma ya kizuizi hicho kidogo kidogo kwa miaka minane. Usiku wa tarehe 24 Desemba 1953, mkesha wa Krismasi, kizuizi kikavunjika. Tope likashuka kwa mto Whangaehu na kuvunja nguzo za daraja la reli mahali paitwapo Tangiwai, jina ambalo kwa Kimaori lina maana ya maji yaliayo. Gari la moshi lilikuwa njiani kutoka Wellington kwenda Auckland, limechukua watu 285, wengi wao wakienda kula sikukuu kwao. Karani mmoja wa posta, Cyril Ellis, alikuwa amefika kwa barabara akakuta mto umefurika. Alipoona taa ya gari la moshi inakuja, alikimbia kandokando ya reli akipunga tochi yake. Dereva alifunga breki, lakini gari lilikuwa limekwisha karibia mno. Injini na mabehewa matano ya mbele yakatumbukia; la sita likaninginia ukingoni, Ellis akaingia ndani kuwaonya waliomo, nalo likaanguka naye ndani. Alitoka hai, akasaidia kuwatoa wengine. Watu 151 walikufa, karibu wote wakiwa abiria wa daraja la pili, kwa kuwa mabehewa yao yalikuwa mbele.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ndani yake mna onyo la namna ya wazi kabisa: mtu mmoja, tochi moja, hatari inayoonekana kwa macho. Hakuna awezaye kusema kwamba Ellis alikosea kupunga tochi. Lakini jaribu kuwaza, msomaji, kwamba daraja lile lingekuwa halijavunjika. Lingetikisika tu, maji yakipita juu yake, kisha likasimama. Gari lingesimamishwa, abiria wangechelewa sikukuu yao, na asubuhi mafundi wangelikagua daraja na kuliona zima. Je, tendo la Ellis lingekuwa baya? Moyo wangu unakataa. Alichokijua wakati ule kingekuwa kilekile, na wema wake ungekuwa uleule. Daraja ndilo ambalo lingekuwa jingine.

Tutoke sasa New Zealand twende Marekani, ambako jambo nililolikisia limetokea kweli. Mlima Baker, wenye mita 3,286, umefunikwa na barafu nyingi, na karibu na kilele chake pana shimo liitwalo Sherman lenye matundu ya mvuke. Katika Machi 1975 mvuke ulizidi ghafula, ukatoka pamoja na vumbi jeusi. Barafu ya shimoni ikayeyuka na kufanya ziwa dogo. Chini ya mlima kuna ziwa jingine lililozuiwa na boma la umeme, na pembeni yake viwanja vya watu kupigia hema wakati wa joto. Wataalamu waliogopa kwamba sehemu ya ukingo wa shimo, iliyolainishwa na mvuke kwa miaka mingi, itaporomoka, na tope likiingia ziwani litasukuma wimbi kubwa. Basi maji ya ziwa yakapunguzwa, na viwanja vikafungwa majira yote ya joto ya mwaka ule. Mlima haukulipuka. Mwaka uliofuata viwanja vikafunguliwa.

Wapo waliokasirika, na si haki kuwacheka. Mwenye kuishi kwa wageni akipoteza majira mazima, hasara yake ni ya kweli kama hasara ya mkulima aliyenyeshewa siku ya kuvuna. Onyo si kitu cha bure. Kuna mtu alipaye, na mara nyingi alipaye si yule aliyeonya. Wanaolisifu onyo kana kwamba halina gharama hawajawahi kufungiwa duka.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kunitolea hoja iliyo nzito kuliko hiyo. Alinikumbusha hadithi ya mtoto mchungaji aliyepiga kelele "Simba! Simba!" mpaka watu wakachoka kuja, na siku simba alipokuja kweli hakutokea mtu. Akasema: onyo lisilotimia huua imani ya watu, kwa hiyo lina sehemu yake katika mauti ya baadaye. Hoja hii ina nguvu, lakini tazama vizuri hadithi yenyewe. Kosa la mtoto yule halikuwa kwamba simba hakuja. Kosa lake ni kwamba hakuona simba, wala unyayo wa simba, wala jani lililotikisika. Alisema ameona na hakuona. Kama angaliona nyayo mbichi kando ya zizi, akapiga kelele, na simba akapita njia nyingine, nani angemwita mwongo? Na walinzi wa Baker waliziona nyayo. Mvuke ulikuwepo, barafu iliyoyeyuka ilikuwepo, ukingo mbovu ulikuwepo. Walisema walichokiona na walichokihofia, na vyote viwili vilikuwa kweli.

Uongo basi hupimwa kwa ulimi na moyo, kama vimekubaliana, wala haupimwi kwa matokeo. Mtabiri ndiye apimwaye kwa matokeo, na mwonyaji si mtabiri. Mtabiri husema, "Litatokea." Mwonyaji husema, "Laweza kutokea, nami nisingependa likukute umelala." Tena methali yetu, ukiisikiliza vyema, haisemi kwamba la mgambo likilia watu watakufa. Inasema lina jambo.

Huenda ukaniambia kwamba haya ni maneno ya darasani tu. Basi nakuomba tufike Kolombia, ambako maneno haya yaligeuka makaburi. Mlima Nevado del Ruiz una urefu wa mita 5,321 na barafu juu yake. Tangu Novemba 1984 ulianza kutikisika na kutoa mvuke kwa wingi. Tarehe 11 Septemba 1985 mvuke ulipasua shimoni na kurusha majivu, na tope likashuka kilomita nyingi katika bonde moja. Wataalamu wakachora ramani ya mahali patakapofikiwa na hatari, ikatolewa Oktoba. Mji wa Armero ulionyeshwa ndani ya njia ya tope. Wala haikuwa ramani ya kubahatisha, kwa kuwa mwaka 1845 tope la mlima huohuo liliwaua watu wapatao 1,000 katika bonde lile, na Armero ulijengwa juu ya udongo ulioachwa na tope hilo.

Ramani ilipotoka, wengine walilalamika kwamba inatisha watu na kuharibu biashara. Wakuu hawakutaka kubeba gharama ya kuwahamisha watu mapema, wala fedheha ya kuwahamisha kisha jambo lisitokee. Alasiri ya tarehe 13 Novemba 1985 majivu yalianguka juu ya Armero, na watu wakaambiwa watulie majumbani. Saa tatu usiku mlima ukalipuka. Haukuwa mlipuko mkubwa kama milima ya moto ijulikanavyo. Barafu iliyoyeyuka haikupita sehemu moja katika kumi. Ilitosha. Tope lilifika Armero saa tano na nusu usiku, yaani kwa zaidi ya saa mbili lilikuwa njiani na watu walikuwa vitandani. Waliokufa ni kama 23,000, wengi wao wa mji ule mmoja. Vilima vilikuwa karibu. Mtu mwenye miguu miwili na nusu saa angaliweza kupanda.

Sasa weka Baker na Ruiz katika mizani. Marekani watu walionya na mlima ukanyamaza. Hasara ikawa majira moja ya biashara. Kolombia watu waliona haya kuonya kwa nguvu wakaogopa kuitwa waongo, na mlima ukasema wenyewe. Lile neno fedheha ndilo linalonishughulisha. Yawezekana mtu mwema, mpole, mwenye kuheshimiwa, akaacha maelfu wafe kwa sababu tu hakutaka kuchekwa asubuhi. Haya ni sifa nzuri katika mambo mengi, na wazazi wetu walitufunza kuwa nayo. Lakini mwenye zamu akiivaa kazini imekuwa uovu.

Hata hivyo usinielewe kwamba namsifu kila apigaye pembe. Kuna uoga wa upande wa pili, nao huvaa nguo nzuri zaidi. Ni ule wa mlinzi aonyaye kila siku juu ya kila kitu ili kesho asilaumiwe. Huyu halindi watu, hujilinda mwenyewe. Huwabebesha wengine gharama ya usalama wa jina lake, na maonyo yake hayana kipimo: kikohozi na kipindupindu kwake ni kengele moja. Mwonyaji wa haki hueleza ameona nini, ana hakika kiasi gani, na hatari yafika wapi. Tena ana ujasiri wa kushusha bendera aliyoipandisha. Mwaka 1995 na 1996 Ruapehu ulilipuka kwa nguvu na kulitoa ziwa lake. Lakini mwaka 2022 ulitikisika kwa majuma mengi, ziwa likapata joto, walinzi wakapandisha kiwango cha tahadhari, na ulipotulia wakakishusha pasipo kulipuka kitu. Kukishusha kunataka moyo sawa na kukipandisha, maana mlima ukilipuka siku ya pili yake, kila mtu atamtafuta aliyeshusha.

Milipuko hiyo ya 1995 na 1996 iliacha tena kizuizi cha majivu na mawe juu ya mlango wa ziwa, kama kile cha mwaka 1945. Kila mtu alijua maana yake, kwa sababu kila mtu alikumbuka Tangiwai. Wengine wakasema: kwa nini tungoje? Tupeleke mashine, tuchimbe mfereji, tumalize hatari. Wengine wakakataa, na sababu zao hazikuwa moja. Kilele kile ni kitakatifu kwa Wamaori, ambao chifu wao Te Heuheu Tukino wa Nne alikikabidhi kwa serikali mwaka 1887 ili kisikatwekatwe na kuuzwa. Wachimbaji wenyewe wangekuwa hatarini juu kule. Na mfereji ungeondoa kizuizi hiki kimoja tu, ilhali mlima waweza kutupa tope siku yoyote kwa njia nyingine. Uamuzi ukawa kutochimba. Badala yake waliweka vyombo kizuizini na kando ya mto, wakajenga tuta la kuzuia tope lisiingie mto mwingine, wakapanga namna ya kufunga barabara na kusimamisha magari ya moshi.

Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa wa haki, lakini haki yake ilikuwa ya mkopo. Mwenye kusema "tusichimbe, tutaangalia" amejiwekea deni la kuangalia kweli, mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka, hata pale ambapo fedha zinapungua na watu wamechoka kulisikia jambo lenyewe. Kama vile vyombo vingalioza, basi kuheshimu mlima kungalikuwa jina zuri la uvivu. Havikuoza. Tarehe 18 Machi 2007, kabla ya adhuhuri, kizuizi kilivunjika na maji zaidi ya mita za ujazo milioni moja yakashuka kwa mto uleule wa Whangaehu. Kengele zikalia, barabara zikafungwa, magari ya moshi yakasimamishwa. Tope likapita Tangiwai. Hakufa mtu.

Ningependa kuachia hapo, lakini isingekuwa kweli yote. Miezi sita baadaye, usiku wa tarehe 25 Septemba 2007, Ruapehu ulilipuka kwa muda mfupi bila ya dalili iliyowatosha walinzi kuonya. Wapandaji wawili walikuwa wamelala katika kibanda karibu na ziwa. Mmoja wao, mwalimu kijana wa miaka 22, alibanwa na mawe na tope, na mguu wake mmoja ukakatwa chini ya goti. Mwenzake alishuka gizani katika theluji kutafuta msaada, akaupata.

Walinzi hawakuwa wamelala usiku ule. Mashine zao zilikuwa zikisikiliza, zikasikia, ila zilisikia dakika chache tu kabla. Kwa hiyo siwezi kukuahidi, msomaji, kwamba mwenye zamu akitimiza wajibu wake wote pembe italia kila mara ipasapo. Walio chini wanaweza kumdai aseme alichokiona mara akionapo, asikipunguze kwa haya wala asikiongeze kwa woga. Naye aweza kuwadai kwamba wakisikia wainuke, na wakirudi asubuhi mikono mitupu wasimvunje moyo. Mlima wenyewe hakuna awezaye kuudai kitu. Ziwa lake limejaa tena, na watu wenye chupa na vipimajoto bado huliendea.